Turathi ya Juu ya Lori

Sisi wa Keringet, tuliozoea kupeleka viazi Nakuru na kurudi na risiti, hatukujua kwamba yale maduka ya kale ya katikati ya mji, yenye baraza pana na mwaka wa kujengwa uliochongwa kwenye paji la nyumba, ni turathi; tulidhani ni kivuli cha kungojea gari. Sheria ya turathi ipo tangu 2006, na Nakuru ilitunukiwa hadhi ya jiji mwaka 2021, lakini tajiri mwenye kiwanja, kwa adabu kamili, huufunika mwaka ule kwa bango la simu, kisha akauliza, "Huo ukale uko wapi?" Nasi, bila shaka, tutauthamini ukuta huo siku tutakapouona ukipita juu ya lori, umeshakuwa kifusi.