Barua ya Wazi kwa Kamati ya Kupima Meno

Kwa Waheshimiwa Wanakamati,
Uteuzi wa Makurutu wa Polisi,
Uwanja wa Michezo, Makao Makuu ya Kaunti.

MINTARAFU: OMBI LA KUIFUTA SHAHADA YA KRIMINOLOJIA

Waheshimiwa,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa kriminolojia na usalama, kozi ambayo jamaa zangu huwaeleza majirani kwa maneno mawili: anasomea upolisi. Nawaandikia kwa heshima na taadhima, nikiwaomba mmshawishi mkuu wa chuo aifunge kozi hii, au awakabidhi nyinyi, maana mnamaliza asubuhi moja kazi inayotuchukua miaka minne na mkopo juu yake.

Mwaka wa kwanza tulifundishwa habari za Cesare Lombroso, daktari Mwitaliano ambaye mwaka 1876 alichapisha kitabu akidai kuwa kuna watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba ukimpima mtu taya, masikio na fuvu utamtambua. Mhadhiri wetu alimcheka sana. Akatueleza kuwa daktari wa magereza ya Uingereza, Charles Goring, alipima wafungwa kwa maelfu, akawalinganisha na watu wasio na hatia, na mwaka 1913 akatangaza kwamba umbo la mhalifu halipo. Tukaandika, tukatahiniwa, tukapita.

Kumbe Lombroso hajafa, yuko kwenu, kazini. Tofauti ni kwamba yeye alitafuta mwili wa mwizi, nyinyi mnatafuta mwili wa polisi. Mwanamume awe na futi 5 na inchi 8, mwanamke futi 5 na inchi 3. Vijana wanavua viatu, wanajipanga mistari kwenye nyasi zenye umande. Baada ya mbio afisa anapita na kalamu ya wino mzito akiwaandika nambari mkononi. Fungua mdomo. Pengo? Nenda nyumbani. Inua mguu tuone unyayo kama si bapa. Simama wima tuone magoti kama hayagongani. Anayefuata!

Hakuna anayeulizwa Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inasema nini, na hapo nawavulia kofia. Mkianza kuuliza maswali kama hayo mtampata kurutu anayejua jibu, halafu mtampeleka kituoni na jibu lake, na kituo kitaingia mkosi.

Ibara hiyo, kwa faida ya wasiosoma kozi yetu, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Ila ina mlango wa uani: saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, mtu angoje hadi siku ya korti inayofuata. Sisi darasani tuliupita mlango huo haraka, kama jambo dogo la kiutaratibu. Huko nje umekuwa lango kuu, na wananchi wameupa jina, Kamatakamata ya Ijumaa. Mtu anachukuliwa Ijumaa alasiri akitoka kazini, analala ndani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ikifika hasira zake zimepoa na ndugu zake wameshajua bei. Ukutani, juu ya kaunta, pameandikwa kwamba dhamana ya polisi ni bure. Maandishi yenyewe ni mazuri, makubwa, yanasomeka vizuri. Tatizo ni kuwa mtu anayehesabu noti huwa ameinama.

Sasa nije kwenye sifa zangu. Ili kuingia chuo kikuu kusomea shahada hii nilihitaji C+ katika mtihani wa kidato cha nne. Ili kuingia kwenu nahitaji D+. Kwa hivyo nikihitimu nitakuwa nimesoma miaka minne ili nije kushindana mbio na mdogo wangu, ambaye hajasoma lolote tangu atoke shuleni na kwa sababu hiyo ana mapafu mazuri zaidi. Mnafunga mlango mtu akipita miaka 28, nami naona mna haki, maana kufikia umri huo mtu huwa ameanza kufikiri. Na aliyejipenyeza na shahada yake mkaja kumgundua mlijua dawa yake: mwaka 2018 makonstebo wenye digrii walipunguziwa mishahara hadi wakakimbilia mahakamani. Wenzangu darasani walihuzunika. Mimi niliona hiyo ni huduma ya afya ya umma, elimu ikidhibitiwa kabla haijaambukiza kituo kizima.

Kuna somo moja tu ambalo kwalo chuo chetu hakiwezi kushindana nanyi hata kikijengewa maktaba ya ghorofa kumi. Mwaka 1939 profesa Mmarekani Edwin Sutherland aliwaambia wenzake kwamba wanapoteza muda wakichunguza wezi wa mifukoni huku wakubwa wenye suti wakiiba ofisini bila kuhesabiwa. Sisi tumemsoma Sutherland kwenye vitabu. Nyinyi mna maabara. Julai 2014 mliendesha uteuzi wa makurutu 10,000 nchi nzima kwa siku moja. IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ikaenda kortini, na Oktoba mwaka huohuo Jaji Isaac Lenaola akaufuta wote, akisema umejaa ufisadi na ukiukaji wa Katiba. Mkakata rufaa. Mei 2015 Mahakama ya Rufaa ikasema vilevile. Vijana wakarudishwa uwanjani kufungua midomo upya. Mhadhiri wetu hutumia kesi hiyo kama mfano, lakini hutumia dakika chache tu, kisha hutazama dirishani.

Robert Merton naye, mwaka 1938, alieleza kwamba jamii ikimwonyesha mtu lengo na kumzibia njia halali, atabuni njia nyingine. Mimi nimemwona Merton zizini. Jirani yetu alikuwa na mitamba wawili. Msimu wa uteuzi ulipokaribia alikuja mtu aliyesema anamjua mtu, na mtamba mmoja akaondoka usiku kwa pikapu. Kijana wake akapata barua ya kwenda chuo cha polisi cha Kiganjo, hongera zake. Sasa ni konstebo, na mtamba lazima arudi, na kwa mshahara pekee hatarudi upesi. Kwa hivyo kijana anasimama barabarani, matatu zinapunguza mwendo zikimfikia, na utingo ananyoosha mkono dirishani kana kwamba anasalimia. Hii nadharia tungeielewa kwa siku moja tungeletwa hapo kando ya barabara. Badala yake tuliiandikia tasnifu.

Najua mtaniambia kwamba mabadiliko yanakuja. Nayajua, nimeyasoma. Jaji mstaafu Philip Ransley aliongoza jopokazi la mageuzi ya polisi mwaka 2009. Jaji Mkuu mstaafu David Maraga akaongoza jingine, ripoti yake ikamfikia Rais mwaka 2023. Ripoti zote mbili ni nzuri. Ni nzito pia, na mwanafunzi mwenzangu huweka simu yake juu ya mojawapo inapochaji.

Walionitangulia kuhitimu hawakupotea. Wengi ninaowajua ni masoja, na nawaona wakipiga mihuri kwenye risiti langoni mwa supamaketi na kupapasa mikoba ya akina mama kwa kile kifimbo kinacholia kikikutana na funguo. Mmoja alipata daraja ya kwanza. Anaweza kukueleza tofauti ya adhabu ya kulipiza na adhabu ya kurekebisha huku akikagua kama umelipia unga.

Basi ombi langu ni hili. Mtupangie mtaala nyinyi wenyewe. Muhula wa kwanza uwe wa mbio, wa pili uwe wa meno, na daktari wa meno awe ndiye mtahini wa nje. Vitabu vya Lombroso virudishwe maktabani kwa heshima zake. Somo la haki za aliyekamatwa libaki, ila lifundishwe Ijumaa jioni, wanafunzi wakiwa wamefungiwa darasani hadi Jumatatu. Ada ilipwe kwa mifugo, na risiti isitolewe, ili tuzoee.

Urefu wangu ni futi 5 na inchi 7 na nusu. Kama kuna jambo linaloweza kufanywa kuhusu hiyo nusu, nambari ya simu mtaipata ofisini kwa mkuu wa kitivo.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa nne.

Nakala:
Mkuu wa Chuo.
Daktari wa meno wa hospitali ya kaunti.
Jirani yetu, ili amfiche yule mtamba wa pili.