Nne au Nane?

Nimefundisha hesabu hapa Shinyanga mpaka chaki imenihamia kifuani, na sikuwahi kugombana na namba. Novemba 2024 nikagombana na moja, gizani, mbele ya mita: 16,777,216.

Kisa ni LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Kumbe kila tokeni huficha ndani yake dakika ulipoinunua, wakati huo ikihesabiwa tangu 1 Januari 1993, ili mjanja asiingize tokeni ileile mara mbili. Waliobuni mtindo huo, unaotumika nchi nyingi, waliitengea dakika nafasi 24, na kila nafasi hukaa sifuri au moja, basi. Chukua mtamba mmoja, zizi liwe maradufu mara 24: utapata ng'ombe 16,777,216, na baba mkwe bado atauliza wengine wako wapi. Dakika zote hizo zilikuwa zinaisha 24 Novemba 2024. Mita isiyoanzishiwa hesabu upya ingekataa tokeni baada ya hapo. Dawa yake ilikuwa tarakimu 20, nyingine 20, ndipo 20 za umeme wenyewe. Sitini!

Mpwa wangu wa Katoro ndiye aliyeninunulia. Kiswaswadu changu kimejaa meseji, hakipokei nyingine, ikabidi anisomee kwa mdomo, naye yuko kwenye karasha, mawe yanasagwa mgongoni kwake.

"Mjomba, andika! Saba, sifuri, nne..."

"Nne au nane?"

"Nne!"

"Umesema nane?"

"Aa, mjomba! Nne, ya miguu ya ng'ombe!"

Nikaandika ukutani kwa chaki. Mke wangu ameshika tochi, mbu wamenishika mimi.

Kinachoniuma, ile 16,777,216 yenyewe ni namba nzuri. Ni 4,096 mara 4,096. Ni 256 mara 256, mara 256 tena. Panga nane nane kwenye mstari uzizidishe zote, unaipata. Na mimi hata nane moja nashindwa kuisikia! Igawe kwa 3, inabaki 1. Kwa 5, inabaki 1. Kwa 7, 9, 13, hata 17, moja ileile imekaa palepale, kama mgeni aliyekwisha kuagwa na nauli kapewa. Nikajiona nimeikamata. Nikajaribu 11, ikabakiza 5. Wachimbaji wa duara moja wakigawana hivi, hakulaliki.

"Mwalimu," mke wangu akasema, "unamgawia nani, na taa haijawaka?"

Nikabonyeza. Kundi la kwanza likakubali. La pili likakataa. Nikarudia polepole, kidole kimoja ukutani, kingine kwenye mita, likakataa tena. Nikampigia mpwa. Bahati nzuri karasha lilikuwa limezimwa, sauti yake safi kama yuko uani.

"Soma la pili, mjomba, nikusikie."

Nikasoma mpaka tarakimu ya tisa.

"Hapohapo! Hiyo umekosea."

"Ni nne au nane?"

Karasha likawashwa.