Mzee Kutu na Apewe Haki Yake

Anayetamani gari la zamani huwa ameshalipenda kabla hajalikagua. Ameliona Pijo 504 juu ya mawe nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wametagia kiti cha nyuma, naye moyoni keshalishusha springi, keshalipiga rangi ya maziwa, analipitisha Jumapili jioni chini ya zile pembe za ndovu za bandia za Barabara ya Moi, Mombasa. Mfukoni ana pesa za pikipiki. Dalali anaapa kwamba lilikuwa la mzee mmoja mstaafu, halikwenda ila sokoni na msikitini. Fundi anasema kazi ni ndogo, na fundi hajapata kuiona kazi kubwa kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Kati ya wote wanaomzunguka, mmoja tu hamdanganyi, na huyo hajapata kusifiwa na mtu. Leo namsifu mimi: Mzee Kutu.

Nasaba yake ni ya juu. Chuma hutoka ardhini kikiwa kimeungana na oksijeni, wakaja watu wakaviachanisha kwa moto wa tanuri, bila kumwuliza yeyote. Kutu ndiye msuluhishi anayewarudishia wawili hao ndoa yao. Hadai ila maji na hewa. Akiongezewa chumvi hushukuru, na ndiyo maana huko Mombasa, Tanga na Unguja yeye ni mwenyeji kamili, ilhali huko Nakuru hufanya kazi polepole, kwa adabu.

Na bidii yake! Alumini ikipigwa na hewa hujifanyia kingozi chembamba cha oksidi, kikaziba, kazi ikaishia hapo. Uvivu mtupu. Kutu hazibi kitu. Ana vitundu, maji na hewa hupenya, naye huendelea mpaka atokee upande wa pili. Wala hajitangazi. Huanzia ndani ya vizingiti vya milango, chini ya zulia, chini ya betri, popote maji yanapotuama mbali na macho ya watu. Kwa kuwa huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma alichokila, rangi humnyanyukia ikafanya lengelenge. Nje unaona kitu cha ukubwa wa punje ya mbaazi. Ndani mkono unapita.

Tena hapendelei. Umbo la 504 lilichorwa na Pininfarina, kampuni ya wachora magari, likawa Gari la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969, likaunganishwa hapa hapa Mombasa, likashinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Lile refu la viti safu tatu likawa matatu ya safari za mbali, watu wakibanana ndani na mizigo ikipanda juu. Kutu hakuuliza cheo wala vikombe. Wenye Land Rover hujigamba kwamba bodi zao ni za alumini. Yeye huwaachia bodi, akashuka kula chasisi. 504 halina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo uti wa mgongo, basi pale hula vyote viwili kwa mpigo mmoja na kumwokolea kila mtu muda.

Nani atahesabu waliokula kwa jasho lake: wachomeleaji, wauza puti, wauza msasa? Hata ubunifu ni wake. Mtu alitaka saluni, Kutu akala buti na sehemu ya paa, likatoka pikapu, na majirani wakamsifu mwenyewe kwa akili nyingi. Namjua mmoja tu aliyejaribu kumkwepa waziwazi, Bruce Meyers wa California, ambaye tangu 1964 aliunda vigari vya mchangani, bagi za Meyers Manx zenye ganda la faiba, kitu ambacho Kutu hakigusi. Lakini nyingi ya bagi hizo zilikalishwa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa, na sakafu hiyo ni ya chuma.

Ushauri wake ndio hasa unaonifanya nishike kalamu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo la kale utalinunua kwa mtu aliyezeeka nalo hapa, na Kutu ameishi humo miaka yote hiyo. Dalali atawasha injini, kwa sababu anataka uangalie huko. Mwache aunguruze. Injini ya 504 silinda zake ni za kuchomoa, zikiisha huwekwa nyingine, na hilo si la kukukosesha usingizi. Wewe toa sumaku, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe chini ya milango na juu ya magurudumu ya nyuma. Penye bati hunata. Penye puti huteleza, na uso wa dalali hubadilika kabla haijaanguka. Kisha fungua boneti, tazama pale shokabsoba za mbele zinapofungwa kwenye bodi, ubonyeze kwa bisibisi. Ikizama, jua kwamba gari la jirani lenye injini iliyokufa na bodi kavu ni rahisi kuliko hili, hata kama linauzwa ghali zaidi.

Kama bado unalitaka, na najua bado unalitaka, Kutu hukusaidia hata kwenye bei, wala hadai asilimia. Kila bisibisi inapozama, dalali hushusha kidogo na kuwataja watoto wake. Mwenye gari hatimaye hukasirika, akasema afadhali aliuze kwa kilo kama vyuma chakavu. Mkubalie upesi. Likiinuliwa kwenda kupimwa, sehemu nzuri ya sakafu itabaki chini na haitafika kwenye mizani.