Mume na Mke Mbele ya Nahau

Anayetaka kupima uimara wa ndoa yake asiende kwa kadhi wala kwa mpiga ramli. Na ajiandikishe yeye na mwenzi wake katika kazi ya kujitolea ughaibuni, wakalishwe dawati moja, wafundishwe lugha ambayo watoto wa nchi ile huichezea barabarani. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mke wangu ni mkunga, na sote ni watu wa Tanga. Tulipelekwa Bahir Dar, mji wa Ethiopia ulio kando ya ziwa Tana, pale Nile ya Buluu, ambayo wenyewe huiita Abay, inapoanza safari yake ndefu ya kwenda Misri, ili tufunzwe Kiamhara kabla ya kukabidhiwa kazi zetu. Tulikwenda kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa Uhabeshi si jina geni katika masikio ya Mwislamu: ndiko Masahaba walikopata hifadhi kwa Najashi. Tofauti ni kwamba Masahaba, kwa kadiri ya elimu yangu, hawakufanyishwa mtihani wa nahau.

Mwanzoni bahati ilituelekea. Mjane mmoja, bibi mzee wa madhehebu ya Kiorthodoksi, alitupa chumba nyumbani kwake, na kila Jumatano na Ijumaa, siku ambazo waumini wenziwe hawaonji nyama, maziwa wala mayai, alitupikia shiro na dengu vya kuliwa na injera, akituomba radhi kwa ufukara wa sinia. Nasi, ambao siku nyingine tulikuwa tukiizunguka nyama yake kwa adabu kwa sababu haikuchinjwa na Mwislamu, tulikula siku hizo kwa shangwe kubwa, hata akaamini kwamba watu wa pwani wanaupenda mfungo kuliko makasisi. Kahawa nayo, inayonywewa kwa mizunguko mitatu, abol, tona na baraka, haikuweza kumtisha mtu aliyelelewa barazani.

Hata saa zilituunga mkono, maana Wahabeshi huhesabu saa tangu mapambazuko, sawasawa na sisi. Ofisi ya mafunzo, kwa kuwahurumia wageni, ilikuwa imeandika ratiba kwa saa za Kizungu, somo la kwanza likawekwa saa 8. Basi mimi, mke wangu na mwalimu mwenyewe, mzee aliyezaliwa Gondar, tulikutana mlangoni saa nane mchana, tukiwa tumeoga na kushiba, tukawakuta wanafunzi wa Ulaya wamekaa humo tangu asubuhi, wakimngoja mwalimu kwa subira iliyokwisha geuka uchungu.

Mkasa wa kwanza wa nyumbani ulitokana na pumzi. Mhabeshi anayesikiliza habari na kuiafiki aghalabu hasemi ndiyo. Huvuta pumzi ndani kwa ghafula, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Mke wangu, ambaye ukunga umemzoesha kutoidharau pumzi ya mtu, alikuwa akimsimulia bibi habari za jamaa zetu, na kila alipomtaja shangazi au mjomba, bibi akashtua kifua. Kabla ukoo haujesha mke wangu alikwisha mshika mkono, akihesabu mapigo ya mshipa, huku akinituma nikalete maji. Na bibi, alipoulizwa kwa Kiamhara chetu cha mwanzo kama kifua kinamwuma, akaafiki vile vile, kwa pumzi, kwa sababu alikuwa mtu wa staha na hakupenda kumpinga mgeni.

Lakini pumzi ni jambo la kifua. Nahau ni jambo la unyumba. Kiswahili, katika insafu yake, hakimwulizi mtu jinsia kabla ya kumkaribisha chakula: njoo ni njoo, na kula ni kula, akiambiwa sultani au mtumwa wake. Kiamhara kina mizani nyingine: mwanamume huambiwa kwa tamko moja, mwanamke kwa la pili, na mwenye kustahili taadhima kwa la tatu. Bibi, aliyekwisha kutufanya wanawe, alipotukaribisha sinia aliniambia mimi “bila”, nami nikawa ninangoja kuelezwa bila kitu gani, ilhali mke wangu, aliyeambiwa “biyi”, alikuwa amefika katikati ya injera.

Ama lugha huingia zaidi kwa masikio kuliko kwa daftari, na masikio ya mtu huhifadhi yale anayoambiwa yeye. Mimi nikakusanya matamko ya kiume, niliyoambiwa kutwa na wenye maduka na madereva wa bajaji. Mke wangu akakusanya ya kike, aliyoambiwa jikoni na sokoni. Na tulipofungua vinywa kusema sisi kwa sisi, kila mmoja alimpa mwenziwe kile kile alichopewa. Hivyo, mbele ya wageni wa kahawa, nilimsemesha mke wangu kama asemeshwavyo bwana, naye akanijibu kama ajibiwavyo binti, tukaendelea kwa ufasaha na mahaba, wageni wakitazamana. Mzee mmoja akamwinamia bibi, akamwuliza kwa sauti ya chini, ambayo kwa bahati mbaya tuliweza kuifahamu, kama kwetu Tanga mwanamke ndiye anayeoa. Bibi hakusema neno. Alivuta pumzi tu, na wakati huo sisi tulikwisha jua maana yake.

Mwalimu alipoarifiwa alicheka hata akavua miwani, kisha akatuagiza dawa: kila usiku tubadilishane mali, mke wangu anikabidhi matamko ya kike aliyoyachuma mchana, nami nimkabidhi ya kiume, kwa kuwa pasipo yeye nisingeweza kumsemesha mwanamke ye yote wa Bahir Dar, na pasipo mimi yeye asingeweza kumwamrisha hata kijana wa mkokoteni. Wanafunzi waseja wakatuonea husuda. Wao nusu ya lugha walibaki kuitafuta vitabuni.

Siku ya mtihani tulitakiwa kuzungumza sisi wawili juu ya ufunguo wa chumba uliopotea. Kwa kuwa wa kwetu ulikuwa umepotea kweli asubuhi ile, mazungumzo yalipata uhai ambao mtahini hakuutazamia, na kila lawama ikatua juu ya jinsia yake barabara, pasipo kosa hata moja, tukafaulu sote. Ufunguo ulionekana jioni mfukoni mwa mmoja wetu; na ninamshukuru Mola kwamba habari hizi ninaziandika kwa Kiswahili, lugha ambayo haimlazimishi mtu kusema kama mwenye mfuko alikuwa mume au mke.