Dola ya Kuagia Nyumbani

Tangu sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ifutwe mwaka 1995, mtu wa Msambweni haombi tena ruhusa ya kununua dola. Ahsanteni. Kilichobaki ni kuzipata. Tiketi ya kwenda Ujerumani kumwona shemejiye imebeba ushuru wa abiria wa serikali yetu wenyewe: dola 50. Shilingi, tena 600, ni za anayeishia Nairobi. Januari 2024 dola ilipopita shilingi 160, ushuru ulipanda bila Bunge hata kukohoa. Hoteli za Diani zikitoza kwa yuro twanuna, ilhali wateja wake wamekuja nazo mfukoni. Mwenye shilingi haitaki shilingi yake? Basi waheshimiwa, nasi tulipeni nazi zetu kwa dola.