Wewe Unataka Kucheka, Mimi Nataka Kufika

Jirani, sogea kidogo nikae. Leo sinunui kitu, nimekuja kulalamika tu.

Nyumbani nilisema neno moja: tununue gari. Dogo. La watu wa kawaida. Basi, amani ikaisha. Kumbe Mwanza nzima ni wataalamu wa magari. Muuza vocha mtaalamu. Kinyozi mtaalamu, tena anakueleza akiwa ameshika wembe, unabisha vipi? Jamaa anayekaanga samaki Kirumba, hana hata baiskeli, kanichambulia giaboksi mpaka sato wangu akaungua. Na nikamlipa.

Pesa yenyewe ni ya kikoba. Kikoba chenyewe ni cha mke wangu. Kwa hiyo mimi katika ununuzi huu ni mshauri, na nadhani sote tunajua mshauri asiye na hela anasikilizwa kiasi gani. Lakini na mimi nina moyo jamani. Daladala nimepanda miaka yote. Nimekalia ndoo, nimekalia tairi la spea, nimempakata mtoto wa mtu kutoka Igoma hadi mjini na mama yake hakunisalimia. Sasa kama ni gari, nataka gari ninaloliendesha nikalisikia. Gia ya mkono. La chini chini. Ukikanyaga linaitika, ukikata kona linakwenda kule unakoangalia. Mke wangu akaniacha nikamaliza. Akachambua mchele. Halafu akasema: "Baba watoto, wewe unataka kucheka, mimi nataka kufika."

Nikanyamaza. Maneno hayo unayajibu nini?

Nikaenda kwa fundi kutafuta wa kunitetea. Gereji iko chini ya mwembe, kule Nyakato. Fundi alikuwa uvunguni mwa gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikazungumza na miguu. Miguu ikauliza bajeti. Nikataja. Miguu ikacheka.

"Mzee, chukua IST. Injini 1NZ. Unalala usingizi."

Mimi 1NZ nilijua ni New Zealand, kwamba gari limepitia huko kwanza. Nikauliza kama la New Zealand haliathiriwi na joto la kwetu. Vijana wote wa gereji wakaacha kazi. Mmoja alikaa chini kabisa. Ndipo fundi akatoka uvunguni, kwa huruma, akanifundisha: 1NZ-FE ni injini ya cc 1,500 ya Toyota, na ndugu zake wamejaa mtaani. Probox, Fielder, Ractis, Sienta, Raum, hata Premio na Allion zile za injini ndogo. Ukikosa kifaa cha IST unakipata kwenye Probox ya marehemu. Halafu ni ya cheni, si ya mkanda, kwa hiyo hukai roho juu kwamba mkanda utakatika ukafumua injini. Oili ukibadilisha kwa wakati, fundi akasema, tutaonana siku za sikukuu tu. Nikatikisa kichwa. Cheni, ndiyo. Mpaka leo sijui inafunga nini na nini.

Nikamuuliza: na yale ya Ulaya, madogo, yenye utamu? Fundi akafuta mikono na kitambaa, taratibu. Akasema bushi, plagi au shokapu ya Toyota unaulizia bei madukani mjini huku unakula mahindi ya kuchoma. Ya gari la Ulaya, mwenye duka anavua miwani kwanza. Anapiga simu Dar. Spea inapanda basi, inasafiri zaidi ya kilomita 1,100, inashuka stendi ya Nyegezi imechoka. Unafungua boksi. Ni ya kushoto. Lako limeharibika kulia.

Wewe ungesikia hapo ungenunua IST ukalala. Mimi nina shemeji.

Shemeji ana kigari cha Ulaya. Jina la kampuni silitaji, nina watoto wa kusomesha. Milango miwili, gia ya mkono, chini mpaka ukishuka unaanza na mikono. Alikuwa anasafiri, akaniachia funguo. Jumapili alfajiri nikakitoa. Jirani, tusidanganyane. Kitu kile ni kitamu! Kenyatta Road haina watu, nimepita Mkuyuni, ziwa liko kulia linang'aa, mawe yako kushoto. Nabadilisha gia si kwa sababu inahitajika, nabadilisha kwa raha. Usukani unakwambia kila kitu: hapa pana mchanga, hapa pana kiraka, hapa Halmashauri wanajifikiria. Nikajikuta naimba. Mimi, ambaye kwaya walinitoa. Nilifika Nyegezi nikageuza, nikarudi kwenda kuanza upya.

Raha hiyo iliishia kivukoni.

Tulikuwa na safari ya Sengerema, kwa wakwe. Sasa unajua daraja lipo. Daraja la J. P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kama kilomita 3 juu ya maji, Rais Samia alilifungua Juni 2025. Pale ambapo zamani ulikuwa unapanga foleni ya kivuko mpaka watoto wanakua, leo unapita kabla wimbo wa redio haujaisha. Mtu mwenye akili anapita darajani. Lakini darajani nani angeniona? Nikachagua kivuko cha Kamanga, pale pale mjini. Watu wamejaa, gari linang'aa, mimi nimeshusha kioo, kiwiko nje. Mke wangu kavaa kitenge kipya. Nikaingia kivukoni, nikazima injini kama utaratibu unavyotaka.

Tukavuka. Upepo mzuri. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza: mzee, hii inakimbia ngapi? Nikamwambia, we acha tu.

Tukafika ng'ambo. Mlango ukashuka. Nikawasha. Haikuwaka. Nikawasha tena. Taa za dashibodi zikawaka zote, za njano, za nyekundu, nyingine sijawahi kuziona, nadhani na zenyewe zilikuwa zinashangaa. Sasa mimi ndiye wa mbele. Nyuma yangu kuna Noah. Nyuma ya Noah kuna Fuso la ng'ombe, na dereva wa Fuso ana mkono mzito wa honi. Akapiga. Ng'ombe nao wakaitika.

Ikabidi nisukumwe. Lakini si kusukumwa kwa tambarare, jirani, ni kile kimlima cha kutokea kivukoni. Wakaja kina mama wa dagaa, wakatua mabeseni. Akaja mwalimu mmoja na suti. Akaja yule kijana wa bodaboda, anasukuma huku anarudia, "We acha tu! We acha tu!" Akaja bibi mmoja, mzee kabisa, akaweka fimbo kando akanisukumia mimi. Nilitaka kushuka wakanizuia: "Wewe kaza usukani, Baba!" Basi nikakaa. Wanawake wanasukuma, mimi mwanamume mzima nimekaa nimeshika usukani, natazama mbele, jasho linanitoka bila kazi yoyote. Mke wangu alishuka mapema. Alikuwa anatembea pembeni na kitenge chake, anatoa pole kwa watu. Mtu akamuuliza, huyo ni nani yako? Sikusikia jibu. Afadhali.

Fundi wa kule alipiga kitu na spana, akanusa, akasema hii inataka mashine ya kupimia. Mashine iko wapi? Mwanza. Tumetoka Mwanza! Kurudi, ndiyo, nilipita darajani. Nimekaa mbele kwenye Fuso la magunia ya mihogo, gari la starehe limefungwa kamba nyuma, linatikisika kwa adabu. Mandhari ya pale juu ni mazuri sana. Dereva wa Fuso alinieleza kila nguzo.

Sasa utasema, basi si umeelewa, nunua IST. Subiri. Umefika hapo kwa sababu hujawahi kukaa na IST.

Mjomba alinihurumia, akaniachia ya kwake alipokwenda kutibiwa macho Dar. Namba C, rangi ya fedha, imechoka viti lakini moyo wake ni chuma. Asubuhi ya kwanza naweka ufunguo, inawaka kabla sijawa tayari. Mvua, inawaka. Wese liko kwenye nyekundu, inawaka. Nikasema raha iliyoje. Sikujua kwamba mtaa mzima ulikuwa umesikia.

Gari linaloharibika ni la kwako peke yako, jirani. Lisiloharibika ni la ukoo. Kigari cha shemeji kilipokuwa uani kwangu, hakuna aliyebisha hodi. IST ilipoingia tu, saa nane usiku: hodi. Mgonjwa, tunaomba utupeleke Bugando. Nikawapeleka, kilima chote kile, na mgonjwa akapona, namshukuru Mungu. Kesho yake: hodi. Msiba Kisesa. Kesho kutwa, viti vya kwaya, ile ile iliyonitoa. Jumamosi, bibi harusi. Jumapili, kuku wa bibi harusi. Nitasema nini? Gari bovu? Wamelisikia likiwaka alfajiri. Mwenye mkweche analala mpaka kumekucha, akiombwa anafungua boneti tu, watu wanampa pole wanaondoka. Mimi sina kisingizio hata kimoja. Toyota hawakuniachia.

Na kuendesha kwenyewe? Unaligeuza, linageuka. Unasimama, linasimama. Basi, hakuna mazungumzo. Siku moja natoka Magu, nimefika kwenye kibao cha 50, nikamwona trafiki na tochi. Nikaona leo na mimi nitapigwa tochi, walau nitakuwa na habari ya kusimulia kijiweni, elfu thelathini si haba kwa heshima. Askari akaniangalia. Akaiangalia tochi yake. Akanipungia mkono nipite haraka kidogo, nina foleni nyuma.

Na ujue gari hilo hilo lilizinduliwa Japani mwaka 2002, kisha Toyota wakalipeleka hadi Marekani wakalipa jina la Scion xA. Walianza kuiuza chapa hiyo California, 2003, makusudi kuwavutia vijana wa mbwembwe. Vijana, jirani! Wa California! Hapa kwetu ukiliona mbele yako unajua ni muuguzi anakwenda shifti, au ni mwalimu, au ni mimi na kuku.

Nikarudi kwa mke wangu na hoja ya mwisho. Nikamwambia tukutane katikati. Kuna Starlet Glanza, ile ya tabo, injini ya cc 1,300 tu lakini inatoa nguvu za farasi 135, na uzito wake haufiki tani moja. Ni Toyota! Inafika na inachekesha! Nilijua nimemshinda. Akauliza, ya mwaka gani? Nikakohoa. Miaka ya tisini, mama. Akauliza, na hao vijana waliokuwa nayo kabla yako, walikuwa wanaiendesha polepole? Nikakohoa tena.

Ndipo akatoa daftari la kikoba. Kumbe mwenzangu amesoma. Ukiagiza Japani, anasema, ushuru wa forodha asilimia 25. VAT asilimia 18. Halafu ushuru wa bidhaa unakwenda kwa ukubwa wa injini: ikivuka cc 2,000 asilimia 10, kati ya 1,000 na 2,000 asilimia 5, isiyovuka 1,000 hakuna. Gari likiwa zee unaongezewa na wa uzee. Na mafuta, kila mwezi EWURA wakitangaza bei, sisi wa Mwanza tunalipa zaidi ya Dar maana mafuta nayo yanalipa nauli kuja huku. "Kwa hiyo kicheko chako," akasema, "kina kodi yake na kina nauli yake. Kikoba hakikopeshi kicheko."

Akafungua simu akanionyesha. Passo. Cc 996. Ushuru wa bidhaa: hakuna. Silinda tatu.

Nikamwambia tatu ni chache, hata bajaji inayo. Akasema bajaji ina moja. Sikuwa najua, nikaendelea tu kubisha. Nikamwambia kilima cha Bugando kile hatutakipanda na watoto, wewe, na mfuko wa sembe. Akasema tutapanda, wewe utashuka.

Lakini kwa wiki nzima nimekuwa nakapigia hesabu. Kadogo. Viti vya nyuma vinabana, hakatoshi jeneza, hakatoshi kwaya, bibi harusi na shela lake hawaenei. Nani atanibishia hodi saa nane usiku? Na fundi, nilipompigia, alisema wepesi wake unasaidia mjini, hizo silinda tatu zina kaungurumo kao ukikanyaga. Kaungurumo! Sikumwambia mtu, lakini usiku huo nililala vizuri.

Asubuhi nikamwambia mama, sawa, nimekubali, lakini kwa masharti. Akauliza masharti gani, kwa sababu lile la kwenye picha ameshalilipia. Nikaangalia tena ile picha, sasa kwa makini. Ni la pinki. Nikamuuliza taratibu kama hawana jeusi.