Kocha Mpya, Mpira Ule Ule

Mwaka 2023 shule moja hapa Mpanda ilipata kocha mpya. Mwalimu wa Jiografia. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ilikuwa imekaribia, mkuu akamtupia jicho kikaoni, basi, kawa kocha. Siku ya kwanza alijaza ubao: 4-3-3, mishale ya rangi tatu, na jina la Guardiola limepigiwa mistari miwili. Mpira wenyewe mmoja, una viraka vya fundi viatu, na golikipa anadaka kavaa soksi mikononi.

Timu ikatolewa ngazi ya wilaya. Na mwaka ule fainali za taifa zilikuwa Tabora, treni unapandia hapa hapa! Vijana stesheni walifika, ila kununua karanga. Kocha anasema mfumo ulikuwa sahihi. Wapinzani ndio hawakuuelewa.